Mita Hamsini, Nguo Mwilini

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba cherehani ya pili imeshatengenezwa, hamlazimiki tena kupokezana ile moja. Mimi ni mzima. Ofisini tumehamishiwa ghorofa ya tatu, chumba chenye madirisha makubwa, na mezani kwangu mwanga unatokea kushoto, jambo ambalo mchora ramani yeyote atakuambia ni neema. Baba alinipigia Jumapili. Bado anatengeneza lifti za jengo lile lile. Anasema kazi hiyo itakapokwisha, yeye mwenyewe atahitaji kubebwa ngazini. Anakusalimu.

Sasa jambo lenyewe.

Mwisho wa mwezi wa saba unastaafu. Miaka thelathini na moja umeshona mashuka na magauni ya upasuaji katika chumba kisicho na dirisha. Nimewaza sana nikupe zawadi gani. Mshonaji huwezi kumpa nguo. Saa unayo. Basi nimeamua kukupa mto.

Uko mto, safari ya saa tano kwa basi kutoka hapa kwangu, ambao watu huuteremka kwa mtumbwi kwa siku tatu. Kiongozi hakuna. Mwenye mitumbwi anakukabidhi mtumbwi, makasia mawili, majaketi ya kuelea na karatasi ya maelekezo, kisha mnajiendea wenyewe, na siku ya tatu gari lake linawangoja chini darajani. Karatasi hiyo nimeipata na, utanisamehe, nimeichora upya, kwa sababu vipimo vyake vilikuwa vya kubahatisha. Siku ya kwanza ni kilomita kumi na nne, maji mapana na ya polepole, kingo zina matete. Siku ya pili kilomita kumi na tisa: magenge ya mawe meupe pande zote mbili, na sehemu tatu ambapo maji yanakwenda kasi. Kwenye sehemu ya katikati inabidi kushuka na kubeba mtumbwi nchi kavu, hatua mia mbili. Siku ya tatu kilomita tisa tu, ndani ya msitu. Vituo viwili vya kupiga kambi nimeviwekea alama nyekundu.

Wa tatu hayupo. Ni mimi na wewe.

Fomu nimeiambatanisha, na nimekujazia karibu yote. Mstari wa saba unasema kila anayepanda bila kiongozi lazima aweze kuogelea mita hamsini, nguo zikiwa mwilini, na hapo sharti utie sahihi kwa mkono wako mwenyewe. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Wanakuuliza wewe! Wewe uliyenifuata katikati ya mto nilipokuwa na miaka sita, na gauni lako na viatu vyako, ukanirudisha duniani. Ni mimi niliyelazimika kujifunza chuoni, ukubwani, nikilia ndani ya miwani ya kuogelea, kwa sababu nilijiapiza kwamba hakuna mtu mwingine atakayeingia majini kwa ajili yangu.

Fomu irudi kabla ya tarehe thelathini Juni. Na uandike, usinipigie. Kwenye simu wewe ni "ndiyo, ndiyo, haya mwanangu," nikikata nakuta sina nililopata.

Anayekuwaza,
Mwanao


27 Februari

Bi Rula wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imefika imekunjwa kona kwa kona kama shuka la wodini, nikajua ni yako kabla sijasoma bahasha. Mimi mzima. Cherehani ya pili ilitengenezwa, ikaharibika tena. Fundi akasema tatizo ni uzee, nikamwambia basi aiangalie cherehani asiniangalie mimi. Mwenzangu wa kupiga pasi, Bibi Pasi wako, anakusalimu. Mguu unamsumbua, lakini hilo halijamzuia kuniita "mstaafu" mbele ya watu.

Mto! Niliiweka barua chini, nikaichukua tena. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kisichoingia mlangoni. Nimefurahi mpaka nikaunguza maharage.

Sasa tuseme mambo ya maana. Vitu vyetu vitalowa. Karatasi yako inasema "mifuko isiyopitisha maji," lakini haisemi itatoka wapi. Mimi najua. Hapa tuna mpira wa kufunikia magodoro ya wagonjwa, na vipande vinavyobaki huwa vinatupwa. Nimeshamwomba msimamizi, ameniandikia ruhusa. Nitashona mifuko minne, mshono mara mbili, halafu niupake nta. Maji ya mto hayawezi kushinda yale ambayo godoro la wodini limeshayaona. Nisiseme zaidi, huenda unakula.

Niambie: hema lina uzito gani? Choo ni cha namna gani? Hizo hatua mia mbili za kubeba mtumbwi, ni hatua zako au zangu? Na kuna wanyama?

Fomu nimeiona. Nimeiweka chini ya kopo la vifungo isipeperuke.

Shangazi yako


18 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hapa tu wazima. Mifuko imefika kwa basi la Ijumaa, na karani wa vifurushi aliinusa kwanza kabla ya kunikabidhi. Nimeijaribu. Kila mmoja niliutia gazeti, nikaufunga, nikauzamisha kwenye beseni na jiwe juu yake, tangu nilipokwenda kazini hadi niliporudi. Magazeti yametoka makavu kabisa. Nilimtumia mwenye mitumbwi picha. Ameuliza kama mshonaji huyo anapokea oda.

Majibu yako. Hema: kilo tatu na nusu. Choo: shimo lenye kibanda na mlango unaofungwa, vituo vyote viwili. Hatua: nilizipiga hesabu kwa hatua zangu, kwa hiyo wewe ongeza arobaini. Wanyama: ndege, vyura, na fisi maji, ambaye licha ya jina lake anakula samaki tu. Mamba hakuna. Nimeuliza mara tatu, na mara ya tatu mwenye mitumbwi alinijibu kwa ukali.

Tangu mwezi uliopita kila Jumamosi nakwenda kwenye ziwa dogo nyuma ya kiwanda cha karatasi kujifunza kupiga kasia. Mikono ina malengelenge. Baba ameshawatangazia mafundi wenzake wote kwamba dada yake akistaafu anateremka mto, na kwamba maji hayajawahi kumtisha.

Fomu haikuwamo. Nimegeuza kila mfuko ndani nje. Umesahau?

Mwanao


11 Aprili

Bi Rula,

Marahaba. Nimekawia, nisamehe. Tulikuwa na ukaguzi, ikabidi tuhesabu kila shuka, hata yaliyokwisha kugeuzwa matambara. Bibi Pasi mguu umepona, sasa umebaki ulimi.

Nimekuwa nikiwaza. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na tisa, na mabega yangu yamekunjamana kwa kuinamia sindano. Huna rafiki wa rika lako? Yule msichana wa meza ya jirani, mnayekula naye mchana, si ulisema ana mikono mirefu? Nendeni ninyi. Mimi nitawangoja chini darajani na chupa ya chai, nimevaa kofia, mtaniona toka mbali. Au pale haikosekani boti kubwa, yenye paa na viti na mtu wa kuiendesha. Mto si ni ule ule, hata ukiutazama umekaa kitini?

Usikasirike. Lakini najua hukasiriki. Hujawahi kunikasirikia hata siku moja, na kuna wakati hilo, basi tu.

Kofia nimekushonea na wewe.

Shangazi yako


25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba alikuwa na mafua, amepona. Mimi mzima.

Sijakasirika. Nimeogopa.

Nimefanya jambo usilolipenda: nilimpigia Bibi Pasi. Nilimuuliza tu kama unakula vizuri. Akanyamaza, na yule mama hajui kunyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi si mtu wa maneno," nikajua maneno yanakuja. Anasema tangu mwezi wa tatu, kila Jumanne na Alhamisi unatoka saa kumi kamili, hungoji hata chai. Una mfuko ambao hutaki aushike. Kesho yake unakuja macho mekundu, unanukia dawa, kitambaa umekifunga kichwani mpaka masikioni. Alipokuuliza ulimjibu, "Mambo ya afya."

Kazi yangu ni kupima. Nikiona alama nne zimeelekea upande mmoja, najua pana njia. Dawa, macho, kichwa kilichofunikwa, mabega. Juu yake fomu isiyotiwa sahihi. Mama alipougua nilikuwa na miaka mitano, na kila mtu mzima aliyeingia mle ndani aliniambia ni homa ndogo. Nilijifunza tangu hapo kwamba watu wakinipa kofia na peremende kuna kitu hawanipi.

Kama ni ugonjwa, niambie jina lake. Safari si kitu, nitaichana ramani mwenyewe. Unajua nisingekuwa hai bila wewe. Sijawahi kukuambia hapana maishani mwangu, na sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Sasa naomba kimoja: usinifiche. Nikipata barua nyingine ya kofia, nitapanda basi.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Usipande basi. Siumwi. Kaa chini, vuta pumzi. Siumwi popote ila masikio, na masikio ni kwa sababu ya maji.

Hiyo dawa anayoinusa Bibi Pasi ni dawa ya bwawa. Jumanne na Alhamisi nakwenda bwawa la kuogelea la shule ya ufundi, nyuma ya uwanja, kipindi cha wanaoanza. Tuko sita. Watano hawajatimiza miaka kumi. Mwalimu wetu ni msichana mwenye filimbi shingoni, mimi namwita Kamanda, naye ananiita "mama wa mwisho kule." Amenipa ubao wa kushikilia wenye picha ya bata.

Unaona ninakoelekea. Mimi sijui kuogelea, mwanangu. Sijawahi kujua.

Nikuambie ile siku jinsi ilivyokuwa. Ukoo mzima tulikwenda kula kando ya mto. Ilikuwa miezi minane tangu mama yako atutoke. Watu wazima walikaa kwenye nyasi wakijadili utakwenda kuishi na nani, maana kazi ya baba yako ni ya kuhama kila jengo likiisha. Mama yako mkubwa alikuwa na nyumba, mume, na chumba cha watoto chenye meza ya kusomea. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga, ndoa iliyovunjika, na sifa ya kupoteza kila nilichoshika. Hakuna aliyenitaja. Niliambiwa nikuangalie wakati wao wanaongea.

Ukateleza ukingoni. Niliona gauni lako la manjano likiingia majini, nikaruka. Nikaangukia mgongo. Maji yakaniingia puani, nikapiga kelele, nikatapatapa, nikajua nimekufa na wewe umekufa. Halafu nikasikia mtu anacheka. Ulikuwa umesimama. Maji yalikufika tumboni. Mimi, mtu mzima, yangenifika magotini. Ukaniambia, "Shangazi, simama."

Nikasimama. Nikakubeba kiunoni, sote tunachuruzika, na pale juu wakatokea wote wakikimbia. Mama yako mkubwa akapiga ukelele, "Amemfuata mpaka katikati!" Mwingine akasema aliniona kwa macho yake nikipiga mbizi. Nilifungua mdomo niseme. Baba yako akanitazama, akamtazama kila mtu, akasema, "Mtoto atakaa na huyu." Nikafunga mdomo.

Hivyo ndivyo nilivyokupata. Kesho yake ningeweza kusema. Mwaka uliofuata pia. Lakini kila nilipojiandaa nilikuona unakunja nguo zako ndogo kwenye kile kisanduku chetu, nikaona nikisema watakuja kukuchukua. Baadaye ulikuwa mkubwa wa kutochukuliwa, na hapo nikaogopa kwamba utaondoka mwenyewe. Nawe kila ulipomsimulia mtu ulikuwa unaongeza kina. Ulipoandika kutoka chuoni kwamba unajifunza kuogelea kwa ajili yangu, nilijifungia stoo ya mashuka nikalia mpaka Bibi Pasi akagonga.

Nilitaka nijifunze kabla ya Juni, nitie sahihi, uongo ugeuke kweli kwa mlango wa nyuma. Nimefika mita kumi na mbili, bila bata.

Sasa umejua. Sikuokoa mtu. Ningeelewa kama hutaki kukaa mtumbwi mmoja nami.

Shangazi yako, ikiwa bado


29 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sikuharakishi.

Mita ishirini na saba. Fomu bado iko chini ya kopo.

Shangazi


14 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Baba mzima. Mwenye mitumbwi amepiga simu mara mbili kuuliza fomu.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Niliifungua nikiwa bado nimesimama mlangoni, mkoba begani, na neno la kwanza kunifikia, kabla ya mengine yote, lilikuwa "siumwi." Nilikaa pale pale sakafuni. Kwa siku mbili sikuhitaji kusoma zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshaanza kukuzika, Shangazi. Nilikuwa nimeshachagua maneno.

Kisha hasira ikaja. Sikujua inakaa wapi mwilini. Kumbe inakaa kwenye taya. Nilikasirikia miaka yote niliyoishi kana kwamba maisha yangu nimeazimwa na natakiwa kuyarudisha bila doa. Nilipata nafasi ya kwenda kusoma nchi nyingine, hukujua hilo. Nilikataa, nikasema nitamwachaje mtu aliyenitoa majini. Nilipokuwa na miaka kumi na tano ulinikata nywele vibaya, nikakushukuru. Rafiki zangu shuleni walikuwa wakigombana na mama zao, wanabamiza milango, wananuna, jioni wanakula sahani moja. Mimi nilikuwa nanyata. Utamnuniaje mtu ambaye bila yeye hungekuwepo? Nilikupenda kama watu wanavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa.

Najua ninachotarajiwa kuandika hapa: kwamba uliruka bila kujua kuogelea, kwa hiyo ushujaa wako ni mara mbili. Labda ni kweli. Siutaki. Nimechoka kuishi na shujaa, nataka shangazi.

Juzi nikampigia Baba. Sikukusema. Nilimuuliza tu anakumbuka nini. Nakuandikia kama tulivyoongea.

"Ile ya mtoni? Nakumbuka viatu vyangu vililowa."

"Vililowaje?"

"Si niliingia kuwapokea. Maji ya magoti."

"Baba. Ina maana ulijua?"

"Nina macho, mama. Pale hata kuku angevuka."

"Mbona hukusema?"

"Watu wamefurahi, wameacha kubishana, niwaharibie ya nini?"

"Sasa kwa nini ukaniacha kwake, kama hakuniokoa?"

 Nilisikia lifti yake ikipanda na kushuka.

"Nilikusikia unacheka," akasema. "Tangu tumzike mama yako ulikuwa hujacheka. Mimi nilijaribu. Mama yako mkubwa alikununulia baiskeli. Huyu kaangukia mgongo majini, ukacheka mpaka nikakusikia kule juu. Nikasema basi, imekwisha, atakaa hapo."

Nimekuandikia yote hayo ili uyasome mara nyingi kama nilivyoyasikia. Hukunipata kwa uongo. Uliyemficha miaka ishirini na miwili alikuwa amelowa viatu.

Baada ya simu ile nililala mpaka jua likanikuta usoni, jambo ambalo halijanitokea tangu nianze kazi. Niliamka mwepesi hata nikajishangaa.

Sahihi usiitie kama si kweli. Tukikosa mwaka huu, tutakwenda mwakani, au tutakaa ukingoni tule mkate na mayai. Lakini zimebaki siku kumi na sita, na mara ya mwisho ulikuwa mita ishirini na saba.

Mwanao


22 Juni

Bi Rula,

Marahaba! Barua yako niliifungulia kazini, kosa kubwa. Nililia juu ya magauni sita ya upasuaji yaliyokwisha kutakaswa, yote yakarudi kufuliwa, na Bibi Pasi akanitukana matusi ya kindugu.

Nimempigia kaka yangu. Miaka yote hiyo hadithi ilipoanza tu mimi nilikuwa nakimbilia jikoni kuchemsha chai. Nikamwambia, "Wewe ni mtu mbaya sana." Akajibu, "Na wewe ni mwogeleaji mzuri sana." Tukacheka mpaka salio likaisha, na hata lilipoisha nadhani kila mmoja aliendelea upande wake.

Sasa sikiliza. Alhamisi Kamanda alinipa mtihani. Nilivaa gauni la kazi, lile la mikono mirefu, na soksi. Bwawa ni mita ishirini na tano, kwa hiyo ni kwenda na kurudi. Kwenda nilikwenda salama. Nilipogeuka gauni likanipanda kichwani, nikawa naogelea kama mtu aliyefunikwa shuka. Wale wanafunzi wenzangu watano wakakimbia ukingoni wakipiga kelele, "Kushoto, bibi! Kushoto kwako, si kwetu!" Nilikunywa bwawa. Nilisema maneno ambayo Kamanda amesema hatayarudia. Na kabla sijakata tamaa mkono ukagusa ukuta.

Fomu haisemi mita hamsini kwa muda gani, kwa hiyo muda nitabaki nao.

Hii hapa. Sahihi ni yangu, na chini yake Kamanda ameongeza ya kwake bila kuombwa. Niliitia palepale, imelowa kona.

Halafu nimeisoma ramani yako vizuri. Umechora mtumbwi pembeni, ukaandika Shangazi mbele na Mimi nyuma. Hilo ni kosa la uchoraji. Nimeuliza: anayekaa nyuma ndiye anayeongoza. Mimi ni mkubwa wako, mtoto hawezi kukaa nyuma ya mkubwa akimwamuru. Nitakaa nyuma. Rekebisha, kama kawaida yako hubishi.

Shangazi yako, bila ikiwa


3 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niliufungua mstari wa saba nikiwa bado kwenye foleni ya vifurushi. Karani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia la, nimepata sahihi. Mwenye mitumbwi amethibitisha: tarehe mbili Agosti, saa tatu asubuhi, mtumbwi namba kumi na moja.

Kuhusu kukaa nyuma: hapana.

Nimeliandika kwa wino, na linasomeka. Hapana, Shangazi. Wa nyuma anatakiwa kuyasoma maji na kugeuza, na mimi nimefanya mazoezi Jumamosi zaidi ya kumi na tano, wewe hata moja. Tena kwa maelezo yako mwenyewe, ukiambiwa kushoto unahitaji watoto watano. Utakaa mbele, utapiga kasia nikisema piga, na utaacha nikisema acha.

Na zile nywele. Nilizichukia. Nilivaa kofia mwezi mzima, ukawaambia majirani kwamba ni mtindo.

Mwanao


12 Julai

Bi Rula,

Marahaba, ingawa hustahili. Hapa wote wazima, na wiki mbili zijazo chumba cha nguo nakikabidhi.

Lile neno nimelisoma mara tatu. Kisha nikampa Bibi Pasi alisome kwa sauti, nisije nikawa nimejitungia. Akalisoma. Akasema, "Mtoto anakukatalia peupe, na wewe unachekelea nini?"  Nimebandika ukurasa huo ukutani juu ya cherehani, na anayekuja kuazima mkasi anasimama kuusoma.

Sasa nikujibu, maana usidhani umeshinda. Mbele sikai. Mtu wa mbele ndiye anayerushiwa maji yote usoni, nami bwawa limenitosha. Jumamosi zako za ziwani hazinitishi, ziwa halina mkondo. Nywele zilikuwa sawa, kichwa ndicho kilikuwa hakitulii. Na hiyo nafasi ya masomo uliyoikataa bila kuniuliza, hiyo nimeiweka pembeni, hiyo ina siku yake peke yake, pengine ile ya pili, katikati ya magenge, ambapo huwezi kushuka ukakimbia.

Kilomita arobaini na mbili, nimezijumlisha. Fika mapema. Mimi nitakuwa hapo saa moja, mwenye mitumbwi anafungua saa tatu, kwa hiyo tuna saa mbili nzima za kuanzia ugomvi.

Njoo umejiandaa, mwanangu. Nina ya miaka ishirini na miwili.

Shangazi yako